Siku Tosha Alipobadilika Rangi

Kwa miaka sita Dama aliuona ulimwengu kana kwamba yuko ndani ya chai ya maziwa. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda macho yake yote mawili. Mahindi ya shamba lake pale Minjila yalikuwa ukungu uliosimama, yangeyange walikuwa ukungu unaoruka, na mbwa wake, Tosha, aliyemjia macho yakiwa tayari yameingia ukungu, alikuwa kitu cha hudhurungi kilichotembea ubavuni mwake, kikimsukuma goti kila njia ilipokaribia mtaro.

Siku ya upasuaji ilipopangwa Mombasa, Masha, mtoto wa kaka yake, alikuja kumchukua.

"Na Tosha?" Dama akauliza.

"Shangazi, mbwa hakosi cha kula. Ataranda randa tu mpaka urudi."

"Basi nami nitaranda randa hapa hapa na macho yangu."

Masha alimjua shangazi yake. Akamtajia mahali alipowahi kupasikia, pembeni mwa mji wa Garsen, ambapo mwanamke wa Kiorma aitwaye Abdia alitunza mbwa na paka wa walimu na wauguzi waliokwenda likizo. Zamani alikuwa akizunguka na sindano za chanjo ya ng'ombe. Watu walisema mengi juu yake: kwamba mbwa wanalala njaa, kwamba wakifa huzikwa kimya kimya. Hakuna aliyesema kwamba ameona.

Dama alikwenda kuona kwa njia yake. Aliomba aoneshwe banda, akaingia mwenyewe na kupapasa. Alishika wavu, akatia mkono kwenye bakuli kujua kama lina utelezi, akainama akanusa magunia ya kulalia. Yalinukia jua.

"Wewe ni Mwislamu," alisema. "Mbwa utamshikaje?"

Abdia alicheka. "Mama, baba yangu alikuwa na mbwa watatu wa boma. Fisi hakusogea. Mate yakinigusa naosha, basi. Kuosha ni kazi?"

Dama akamkabidhi kamba. Tosha hakulia. Alisimama tu akiwatazama, na Dama, ambaye hakuweza kuliona hilo, alilihisi mgongoni mpaka walipofika barabarani.

Upasuaji ulikuwa wa jicho la kulia. Ulikwenda vizuri, lakini mvua za masika zilikuja kwa hasira mwaka ule, na mto Tana ukafurika kingo zake. Barabara ikafungwa. Siku tano zilizopangwa zikawa ishirini na tatu, nyumbani kwa Masha, Kisauni, chini ya mabati yaliyopigwa na mvua asubuhi mpaka jioni. Dama alilala mchana na kuota maji. Maji yalipita polepole juu ya mahindi yake, hayana sauti, na juu yake yalielea mabakuli ya mbwa, moja baada ya jingine, yote yamejaa mawingu. Akiamka alipiga simu.

"Yuko salama, mama," Abdia alisema kila mara. "Usiwe na wasiwasi."

Mara moja, siku ya tisa, alikawia kidogo kabla ya kulisema.

Bandeji ilikuwa imeshaondolewa. Dama aligundua kwamba gauni lake la kanisani ni la buluu, na kwamba Masha ana mvi. Alikaa dirishani saa nzima akilitazama jani la mpapai, namna lilivyopokea tone la mvua, likainama, likaliachia.

Waliporudi, maji yalikuwa bado yametanda pande zote mbili za barabara, yametulia, na mbingu ilikuwa imelala ndani yake pamoja na miti ya mikoma na ndege. Dama alisogeza uso karibu na dirisha la gari. Hakuwa na uhakika kama ni nchi yake ile, au ni ile ya ndotoni.

Mabanda ya Abdia yalikuwa matupu. Tope lilikuwa limeacha mstari ukutani, usawa wa kiuno.

"Watu walituonya," Masha alisema taratibu.

Walipiga simu. Abdia aliwaelekeza kwenye mwinuko uliokuwa mbele kidogo, mahali wafugaji walipohamishia ndama wao. Alikuwa pale chini ya turubai, miguu imejaa tope, mbwa saba na paka wawili wamemzunguka. Alipomwona Dama uso ukamng'aa. Akafungua kamba moja, akaja na mbwa mweupe mwenye duara la manyoya mekundu kuzunguka jicho moja, na ndevu za mvi.

Dama akarudi nyuma. "Huyu si wangu."

"Mama?"

"Mbwa wangu ni wa hudhurungi. Ni kijana. Wangu umempeleka wapi?"

Masha alimtazama mbwa, kisha shangazi yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia shangazi rangi halisi ya mbwa wake, ambaye macho yake yalimpaka rangi ya chai. Nani angefikiria?

Abdia hakupandisha sauti. "Mara ya mwisho ulimwona lini, mama?"

Upepo ulipita juu ya maji. Dama akafumba macho yote mawili, akanyoosha mkono, na pua yenye unyevu ikaingia kiganjani mwake mahali pake pa siku zote. Akapapasa masikio, shingo, mfupa wa bega uliochomoza. Tosha akajiegemeza kwenye goti lake kwa uzito wake wote.

"Kumbe umezeeka," Dama akamwambia. "Umezeeka na hukunieleza."

Akalia, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Kisha akamgeukia Abdia. "Nisamehe, binti yangu."

"Usiniombe msamaha bado." Abdia alikuwa akitazama chini. "Tulipokuwa tukihama, alitoroka. Siku mbili sikumpata. Nilimkuta mlangoni kwako Minjila, amesimama ndani ya maji. Nikamleta kwa mtumbwi. Ulipopiga simu siku ya pili ya kumtafuta, nilikwambia yuko salama, na sikujua yuko wapi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na jicho bichi. Na niliogopa."

Hasira ilimjia Dama, ikakaa naye, na hakuifukuza. Aliwatazama wale mbwa wengine, matumbo yao yaliyojaa, na mikono ya Abdia iliyochubuliwa na kamba.

"Ungeniambia," alisema mwishoni. "Ningelia, lakini ungeniambia."

Mwezi wa nane ilifika zamu ya jicho la kushoto. Masha alidhani shangazi atatafuta mtu mwingine. Dama alimpeleka Tosha Garsen mwenyewe, kwenye mabanda yaliyopakwa chokaa upya.

"Likitokea lolote, nipigie siku hiyo hiyo," alimwambia Abdia. "Hata kama nimelazwa."

Siku ya nne, akiwa kitandani na bandeji, simu ikalia.

"Mama, ni Abdia. Leo Tosha amekataa kula. Nimempima, hana homa, lakini bakuli hajaligusa tangu asubuhi. Nimeona nikuambie."

Muuguzi aliyekuwa karibu alishangaa kumwona mgonjwa wake akitabasamu kwa habari ile.

"Asante, binti yangu," Dama alisema. "Mpe uji wa moto kidogo, umshikie bakuli mkononi. Kesho nipigie tena."