Kanda Ambayo Baba Hakuisikiliza

Jumamosi Kudra angefundwa, na Bi Mwamvita hakuwa na sauti. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyompigisha Firdausi magoti mbele ya kabati la vyombo sebuleni kwao, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, simu mkononi, akiitafuta kompyuta ndogo ambayo ilikuwa imekataa kuonekana kwenye mtandao.

Bi Mwamvita, bibi yake mzaa baba, alikuwa ameongoza nyimbo za wanawake huko Kisarawe kwa muda mrefu kiasi kwamba katika ukoo ule hapakuwa na mke ambaye hakuanzia kwenye koo lake. Mwali alipowekwa ndani kufundwa kabla ya ndoa, Bi Mwamvita ndiye aliyeanza, wengine wakaitikia. Kisha ukaja uvimbe wa koo, ukaja upasuaji, na tangu hapo alizungumza kwa mnong'ono kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Shangazi Mwanaamina, mama yake Kudra, alikuwa ameitikia nyimbo hizo maisha yake yote. Lakini mwitikiaji hubeba kiitikio, wimbo wenyewe habebi. Vijana wa mtaani walikwishajitolea kuleta spika zao na kupiga muziki wa singeli kutwa nzima.

"Mwali wangu afundwe kwa singeli?" Bi Mwamvita alinong'ona kwenye simu. "Basi mnizike kwanza, ndipo mcheze."

"Bibi, sauti yako ipo kwa baba, kwenye mashine," Firdausi alimjibu. "Nitaileta mimi mwenyewe."

Aliyatamka hayo bila shaka yoyote. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, amerudi nyumbani kwa likizo, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba kitu kikishanakiliwa kimeokoka.

Mashine aliyoitaja ilikuwa seva ya muziki ya baba yake. Mzee Jabiri, fundi umeme mstaafu, aliiunda mwenyewe kutokana na kompyuta kuukuu, akaitia diski kubwa, akaiunganisha na ruta upande mmoja na amplifaya upande mwingine. Ndani yake alihamishia kanda zote za nyumba: bendi za dansi alizozifuata akiwa kijana, taarabu za harusi, kaswida za Maulidi. Mtu akishika simu popote nyumbani, aliita wimbo nao ukaitika sebuleni. Hata kasoro za kanda zilihama pamoja na nyimbo. Palikuwa na wimbo mmoja wa dansi ambao gitaa lake lilizama ghafla kama limetumbukia kisimani, kisha likaibuka. Firdausi alikua akiamini kwamba ndivyo wapigaji walivyokusudia, na alipousikia wimbo huohuo redioni, mzima, bila kisima, alihisi kwamba umeibiwa kitu.

"Taa inawaka?" aliuliza Mzee Jabiri kutoka kwenye kochi.

"Inawaka, baba. Lakini kwenye mtandao haionekani."

"Anza na waya. Siku zote anza na waya. Mambo ya akili yatafuata."

Firdausi akachomoa waya na kuurudisha. Akazima ruta, akangoja, akaiwasha. Seva ikajitokeza kwenye simu, ikakaa kidogo, ikapotea tena. Mzee Jabiri akainuka, akapeleka kiganja kabatini, akakirudisha upesi.

"Inaungua kama kikaango. Nani kaivisha nguo?"

Kwa kweli ilikuwa imevaa. Juu yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi, chenye maua pembeni, kimeshuka mpaka kuziba matundu yote ya hewa.

"Humu ndani kila kitu kinavaa," alijibu kutoka jikoni Mama Firdausi, aliyeitwa Atupele kwao Tukuyu. "Televisheni imevaa, friji imevaa. Hiyo ina nini hata ikae uchi mbele ya wageni?"

"Hii inapumua, Mama Firdausi."

"Hata mimi napumua, na nimevaa."

Walikiondoa kitambaa, wakaitoa mashine kabatini na kuielekezea feni. Ilipopoa ikawashwa, nayo ikatulia. Majina ya nyimbo yakaanza kuteremka kwenye simu kama maji baada ya mgao. Firdausi aligusa wimbo wa dansi wenye kisima. Baba yake akafumba macho, akatikisa bega moja tu, na kwa muda huo mfupi alikuwa yule mtu aliyekuwa akimsimamisha bintiye juu ya viatu vyake na kumzungusha sebule nzima, mama akilalamikia sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Nyimbo za bibi hazipo," Firdausi alisema.

"Zipo. Nilizificha." Alipunguza sauti, ingawa hapakuwa na wa kuwaficha. "Mama aliponipa kanda ile, alinishika mkono. Akaniambia, 'Jabiri, mashine yako isikie, wewe usisikie.' Zile si nyimbo za masikio ya kiume. Nikamwahidi. Kwa hiyo nikazitenga kwenye folda yake, asije mtu akaita dansi, akaitikiwa na mambo ya ndani."

Aliandika nywila, akamwachia Firdausi kiti, akatoka kwenda uani kwa kuku wake.

Firdausi akavaa spika za masikioni na kufungua faili la kwanza. Kimya. Akalisogeza mbele, kimya. Faili la pili nalo lilikuwa hivyohivyo. Akarudi kwenye dansi, ikasikika vizuri. Akabadilisha waya, akajaribu simu nyingine. Kila kitu kilikuwa kizima. Mafaili yenyewe yalikuwa marefu, kila moja likitosha upande mzima wa kanda, na ndani yake hamkuwa na mtu. Kanda yenyewe ilikuwa imeoza tangu masika moja paa la Bi Mwamvita lilipovuja. Iliyobaki duniani ni hii.

Akatoka uani. "Baba, ulizinakili vipi nyimbo za bibi?"

"Kama nyingine. Waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio kaseti, kwenda kwenye kompyuta." Aliendelea kumwaga pumba. "Ila tundu lile lilikuwa limechakaa, spika ya redio haikukatika hata waya ukiwa umeingia. Ningesikia. Basi nikapunguza sauti mpaka chini kabisa, nikabonyeza, nikatoka. Nikakaa hapahapa namenya machungwa mpaka kitufe kiliporuka, nikaingia kugeuza upande."

Kisha mkono wake ukasimama juu ya ndoo. Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Sauti aliyoipunguza ili yeye asisikie ndiyo iliyokuwa ikipita kwenye waya.

"Nilijiziba masikio," alisema polepole, "nikaiziba na mashine."

Firdausi hakulijua jina la kosa lile. Mtu mwingine angechungulia, angesikiliza kidogo tu, kwa ajili ya kuhakikisha, na leo nyimbo zingekuwepo. Baba yake alikuwa ametimiza ahadi kwa ukamilifu, na ukamilifu huo ndio uliozizika.

"Ngoja." Mzee Jabiri aliweka ndoo chini. "Kitufe cha sauti cha redio ile kilikuwa kimelika. Hakikuwahi kufika chini kabisa. Ukiweka sikio kwenye spika ulisikia mtu kwa mbali. Nenda ukapandishe sauti kwenye programu, kidogo kidogo. Nami nitakaa huku dirishani."

Basi wakafanya kazi hivyo: binti ndani, masikio yamefunikwa, baba nje, mgongo umegeukia ukuta, akitoa maelekezo kwa kazi asiyoruhusiwa kuisikia.

"Unasikia nini?"

"Mvua. Kama mvua juu ya bati."

"Hiyo ni kanda yenyewe. Pandisha."

"Mvua tu, baba. Imekuwa kubwa."

"Pandisha tena. Usiisikilize mvua. Ndani ya mvua pana nini?"

Firdausi akashika spika kwa mikono miwili, akazikandamiza masikioni. Mbali, nyuma ya ule mvumo mzito, kitu kikapanda na kushuka, kikapanda tena, kisha vitu vingi vikakijibu kwa pamoja.

"Kuna watu," alisema.

Mzee Jabiri alifungua geti, akaenda zake barabarani.

Mchana wote Firdausi alijaribu kuiondoa mvua. Programu iliahidi kusafisha, na kweli ilisafisha. Lakini kila ilipofuta mvumo ilifuta na wanawake, wakabaki wakibubujika kama waliozama. Mwisho akaamua kuiacha mvua inyeshe. Akaweka nyimbo kwenye simu jinsi zilivyo, na kesho yake, siku moja kabla ya shughuli, baba yake akawasha gari wakaenda Kisarawe.

Walipofika, Mzee Jabiri alimwamkia mama yake mlangoni, akapokea marahaba yake, akaaga palepale kwamba anakwenda kuangalia mikorosho. Hakuna aliyemzuia.

Chumbani kwa Bi Mwamvita walikusanyika wanawake waliokuja kupika na kutwanga: Shangazi Mwanaamina, majirani, na Kudra mwenyewe kwenye kona, kajifunika khanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeniletea koo langu?"

"Nimelileta, lakini limelowa."

Alipoiweka simu juu ya spika ndogo na kubonyeza, chumba kikajaa mvua. Wanawake wakatazamana.

"Hii ngoma au masika?" jirani mmoja aliuliza. "Nikaanue nguo?"

Wakacheka. Firdausi aliyakumbuka maneno aliyoyatoa kwenye simu kwa uhakika ule, akatamani ardhi impokee. Bi Mwamvita peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, na kiganja chake kikaanza kupiga ubao wa kitanda: mara moja, kimya, mara mbili. Alipiga vivyo hivyo, akiifuata ile sauti iliyokuwa mbali.

"Nani huyo mwenye koo?" alinong'ona.

"Ni wewe, mama," alisema Shangazi Mwanaamina.

"Najua ni mimi. Nauliza nani aliniruhusu nilipoteze koo kama hilo."

Mdundo ule wa kiganja ulikuwa kama taa iliyoshushwa kisimani. Sasa, kwa kuwa walijua pa kusikiliza, wanawake walianza kuokota: huku neno, kule nusu mstari. Shangazi alishika mwanzo wa wimbo, akaupoteza, akaomba urudishwe. Firdausi akarudisha. Aliyesema habari za kuanua nguo ndiye aliyekumbuka mstari wa tatu, akauimba huku bado ameshika mwiko. Palipomezwa kabisa na mvua, Bi Mwamvita alimvuta aliye karibu na kumnong'oneza lile neno, naye akalipaza. Maneno yenyewe hayaandikwi hapa. Wanaostahili kuyajua wanajua pa kuyapata.

Aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa Firdausi, mshika simu. Kwa hiyo neno baada ya neno lilipitia sikioni mwake, likatoka kinywani mwake, kwanza kwa aibu, kama anayesoma, kisha kwa namna nyingine ambayo hakuipanga.

"Usiimbe kama upo darasani," bibi alimwambia. "Shusha pumzi. Unamwambia mwenzio jambo, humsomei tangazo."

Akashusha pumzi. Wimbo ukapita. Wenzake wakauitikia kwa kishindo, na kwa mara ya kwanza siku ile mvua ikafunikwa. Mkono wa Firdausi ukaifuata simu ili anakili upya, safari hii vizuri. Lakini wimbo ulikuwa unamsubiri yeye auendeleze, na hakuna mwingine mwenye mstari uliofuata. Akaiacha simu ilipo. Walipofika mwisho, Bi Mwamvita aliwarudisha mwanzo. Waliimba mpaka wali ukashika chini ya sufuria, na hakuna aliyegombezwa.

Jumamosi vijana walikuja na spika zao, wakaambiwa wangoje, wakangoja wee hadi walipochoka wakalala juu ya maturubai. Chumbani Shangazi Mwanaamina alianza, Firdausi akamshika pale aliposahau, na Bi Mwamvita, ameketi nyuma ya mwali, alipiga kiganja chake kwenye ubao.

Jumapili, njiani kurudi Kibaha, Mzee Jabiri alikuwa kwenye usukani. Walipoingia barabara kuu ndipo alipouliza, macho yakiwa mbele.

"Ilisikika?"

"Kidogo, baba. Waliobaki nayo kichwani walimalizia wenyewe."

"Wanayo sasa?"

"Wanayo. Na mimi ninayo."

Aliitikia kwa kichwa. Akalipita lori, akarudi upande wake.

"Sitaki maneno ya nyimbo," alisema. "Niambie jambo moja tu. Mama yangu, alipokuwa na sauti yake, alikuwa anaimba vizuri?"

Firdausi alimtazama baba yake, mtu aliyeitunza sauti ile miaka yote bila kuijua, akatafuta jibu ambalo halingevunja ahadi ya mtu yeyote.

"Sana, baba."

"Nilidhani hivyo," alisema Mzee Jabiri. "Kulikuwa na siku watu walitoka Maneromango kwa miguu kuja kumsikia. Sisi watoto wa kiume tulikuwa tunafukuziwa mtoni."

Akapunguza mwendo kidogo, ingawa mbele yao hapakuwa na gari.