Sufuria za Feisal

Ilikuwa siku ya pili ya matanga ya Feisal, huko Msambweni, na redio haifunguliwi katika nyumba yenye msiba. Lakini mtangazaji wa kipindi kimoja cha redio cha muziki wa ajabu, kilichodumu miaka ishirini kikipiga nyimbo zilizokataliwa kwingine, alikuwa ametuma rambirambi: saa kumi alasiri angepiga wimbo ambao Feisal aliurekodi kwa kugonga sufuria za mamake.

Bi Mwanarusi, mamake Feisal, alimwomba shemejiye aliyesimamia matanga ruhusa ya kufungua redio.

"Kelele zile, shemeji? Matangani? Watu watatucheka!"

Bi Mwanarusi alijifunika leso, akalia. Jirani yake Subira akainuka, akatoka bila kuaga. Punde, saa kumi ilipofika, redio yake ikanguruma ng'ambo ya ua, imefunguliwa mpaka mwisho.

Bi Mwanarusi akaliburuta jamvi lake hadi uani, akasikiliza mpaka sufuria ya mwisho iliponyamaza.