Udi wa Sikudhani

Mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji, Zamda aliichukia harufu ya udi kuliko njaa yenyewe. Ilitoka chumbani kwa mke mwenziwe, Sikudhani, asubuhi mpaka jioni. Mume wao, Bwanaheri, ndiye aliyeutafuta udi huo kwa taabu sokoni Mohoro, ilhali Zamda, bi mkubwa, hata chumvi aliiomba mara tatu ndipo apewe.

Sikudhani alikuwa na mtoto wa miezi minne. Alimzaa porini upande wa Mbwara, siku walipowakimbia askari wa Mdachi, bila mkunga. Tangu warudi alikuwa akienda mtoni kuoga mara nne, mara tano kwa siku.

"Anajipamba," Zamda alimlalamikia jirani. "Mimi humu ndani nimekuwa gogo."

Adhuhuri moja alimfuata, akiamini atamfumania na mwanamume. Tena alitamani iwe hivyo, apate la kumpelekea Bwanaheri.

Alimkuta peke yake, maji magotini, akisugua vipande vya kaniki vilivyochafuka kwa kinyesi. Vilikuwa vikubwa, si vya mtoto.

"Usimwambie mtu, dada," Sikudhani alisema huku akilia. "Choo kinanitoka bila kujijua. Upepo nao siuzuii. Tangu nijifungue. Udi ule ni wa kufichia."

"Bwanaheri anajua?"

"Ajue vipi? Zamu yangu ikifika nasema tumbo linauma. Nakuonea wivu, dada Zamda. Wewe unacheka, unapiga chafya, huna hofu."

Zamda hakuwahi kuambiwa neno kama hilo. Kwanza alifurahi, kisha furaha ile ikamtia aibu. Akainama, akachukua kitambaa kimoja, akaanza kufua.

Kesho yake alimpeleka kwa Mwanabibi, mkunga mzee. Mwanabibi alinawa, akapaka kidole mafuta ya nazi, akampima taratibu njia ya nyuma.

"Bana, mwanangu, kama unayezuia choo. Ehe. Nyuma panabana. Huku mbele kimya, hapabani. Ulichanika ndani siku ile ya kujifungua, nyama haikushikana."

"Nitapona?"

"Sikudanganyi. Ningekuwapo siku ile ningepaona mapema. Sasa fanya hivi: bana na kuachia, kila siku, kila unapoketi kunyonyesha. Usibebe mtungi. Kula ndizi mbichi, choo kiwe kigumu."

Zamda ndiye aliyemweleza Bwanaheri. Mume akauliza, "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambiaje, nawe ulishamchagua kuwa ua lako?"

Baada ya miezi mitatu Sikudhani aliweza kuzuia choo kigumu. Akiharisha, bado kilimtoka. Akaanza kwenda shambani na wenzake. Bwanaheri sasa ndiye aliyemtekea maji, mchana kweupe, watu wakimcheka. Zamda alimtazama akipita na mtungi begani, na moyo ukamchoma. Hakuna aliyewahi kumtekea yeye. Akamwita Sikudhani aje watwange mpunga, na siku hiyo hakusema naye mengi.