Jicho la Padre Lusiani

...hiari gani, mhubiri wa misa hii ya mazishi anasema marehemu aliuacha mchezo kwa hiari yake ili amfuate Kristo hadi huku kwetu Bukombe, na kanisa zima linaitikia kwa kichwa, mimi nimeuma meno, Padre Lusiani hakuacha kitu, aliachwa, alinisimulia mwenyewe, kwao Kanada, kabla ya upadre, maji yanaganda yanakuwa kama sakafu, wanavaa viatu vyenye chuma chini, wanakimbizana na magongo wakipiga kisahani cha mpira mgumu, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulipwa mshahara kwa kazi hiyo, watu wakiimba jina lake, mpaka kisahani kikampasua jicho la kushoto, na wiki iliyofuata mwenye timu akamvika mwingine fulana yake, hata pole hakumpa... “moyo wa sadaka,” anasema mhubiri... na sadaka yangu mimi nani ataitaja, mimi Telesphori, winga, mwaka ule wa sitini na nne alipokuja Mabula wa timu ya mgodi akisema ajira na mpira, twende Geita, naye mayu, mama yangu, akanifulia shati la safari, nikangoja, Mabula hakurudi, nikalima pamba miaka yote hii nikidhani sikufaa, kumbe Padre alimwambia Mabula kijana huyu ana kifua kikuu, mimi, kifua kikuu, na amekuja kuniambia juzi, kitandani pake, akikaribia kufa, nimemshikia kikombe cha uji, “Nilikuokoa, Telesphori. Wangekutumia, halafu wangekutupa.” Nani alimwomba, nikamuuliza, nawe, wangekuita tena na jicho lako moja, ungekwenda, akakisukuma kikombe kando, akasema, “Siku hiyohiyo”... Coletha ananigusa goti, Baba Generosa, tulia, watu wanakuona, na waone, mke wangu mwenyewe anadhani ni majonzi, ulikuwa mpira tu, huniambia, mpira tu... alijua basi, aliujua utamu wake akaninyima, mwizi anayejua thamani ya alichoiba, na katika watu wote hawa aliyejua nimepoteza nini alikuwa yeye peke yake, yumo mle sandukuni, kesho nitamkasirikia nani... asubuhi katekista aliniomba nibebe jeneza, nikakataa... mhubiri bado yuko kwenye hiari, hiari... nitabeba, nitashika mbele, na simsamehe.