Mji Aliopewa Bibi Kalunde

Baada ya chakula cha mchana Milembe anajilaza kwenye mkeka, kando ya kitanda cha Bibi Kalunde. Tangu Bibi apigwe na kiharusi huanza neno likamkwama, na Milembe, msomi wa familia, humalizia kwa upendo: maji, Bibi? Dawa? Choo? Bibi hugeukia ukutani. Wiki nzima kuna jambo anataka kusema, na Milembe anaogopa atakufa nalo. Usingizi unamchukua na mkeka unakuwa barabara, barabara inazaa barabara, na zote zinaingia mji mmoja wa kuta za vioo, na katika kila kioo yumo Milembe anayezungumza. Njiani amesimama mtu asiye na uso, laini kama kibuyu. Bibi yangu yuko wapi? Kitendawili, anajibu yule mtu. Tega, anasema Milembe upesi, maana vitendawili anavijua. Mzee kabeba mzigo, kila anayempokea anamwongezea uzito. Punda! Siyo. Deni! Siyo. Kila jibu linaota kioo kipya, njia inazidi kubana, na kule mwisho, mdogo kama punje, kaketi Bibi kwenye kigoda, anahangaika na neno. Kivuli! Umeshindwa, binti, nipe mji. Sijashindwa, niache nifikiri. Bibi anafifia. Haya, chukua Nzega. Nzega nina mashemeji wengi, sitaki. Chukua Shinyanga! Yule mtu anacheka bila mdomo: unagawa ya wenzako, toa wako.

Milembe anavitazama vioo vinavyopiga domo kwa sauti yake, anaona haya. Sijui, anasema. Sijui Bibi anataka nini. Chukua huu mji wangu wa vioo. Nimempokelea Bibi yako, anasema yule mtu, na jibu analo mwenye mzigo. Vioo vinazimika kimoja kimoja, kimya kinatanda, na Milembe anafumbua macho. Kitanda ni kitupu. Bibi Kalunde amesimama mlangoni peke yake, bila mkongojo, mkono mmoja ukutani, kidevu juu kama mwenye nyumba anayepokea wageni wa heshima, na nyuma yake ua unang'aa kupita kiasi. Ni... anasema Bibi. Nime... Neno linamjia Milembe ulimini, analimeza. Kuku anapita. Nime... Hajui kama ameamka au mji bado haujaisha; anangoja tu. Nimetembea, anasema Bibi Kalunde. Na wewe kutwa choo, choo.