Kofia Yenye Macho Kisogoni

Nina tepe nyekundu tisa kwenye mtoto wa meza, zote za nafasi ya pili, na kila mwaka nilipokabidhiwa nyekundu, ule wa buluu, wa nafasi ya kwanza, ulikwenda kwa Dulcie Trembath. Hiyo ndiyo historia nzima ya kazi za mikono katika maonyesho ya kila mwaka ya mji wetu wa Kurrabin. Mimi nafuma vizuri, na sijisifu bure. Lakini majira haya ya baridi vidole vilianza kukakamaa asubuhi, na daktari aliponiambia ni baridi yabisi, sikulilia vidole. Nililia kwa sababu ya ule utepe wa buluu. Kama si mwaka huu, basi tena.

Kumbe mwaka huu kamati ikaongeza shindano jipya: kofia ya kumzuia magpai, ndege mkali wa huku kwetu.

Kila Septemba, baridi ikiisha na miti ya miwati ikishachanua manjano na wana-kondoo wakianza kurukaruka, kikundi chetu cha matembezi hushika njia ya kijito kila Jumatano, themosi mkononi na skonzi za jamu kikapuni. Ni raha tupu, isipokuwa pale penye mkaratusi mkubwa kando ya ua wa Lindsay Ogle. Pale ndipo kwa Sajenti. Ni magpai dume, mweusi mwenye mabaka meupe, na mkewe akishaatamia mayai, yeye huwashukia wapita njia kwa nyuma, mdomo mbele, shabaha yake sikio. Ukimkazia macho hakugusi, anapenda kisogo. Ndiyo maana sisi hapa, watu wazima na akili zetu, hushona macho nyuma ya kofia na wala hatuoni haya.

Kofia zingepimwa palepale chini ya mti. Kila mshindani apite peke yake, jaji aangalie mishono, kisha aangalie kama Sajenti atashuka.

Yangu niliifuma kwa sufu ya kijivu niliyoisokota mwenyewe, macho mawili ya kahawia kisogoni, kope moja moja. Ilinichukua wiki saba, na kila jioni niliviloweka vidole kwenye maji ya moto. Lakini tepe nyekundu tisa zimenifunza kwamba kazi nzuri peke yake haitoshi. Magpai hasahau uso. Ukimtendea wema, hatakugusa maisha yako yote. Kwa hiyo kuanzia Julai nilikuwa naamka mapema, nakwenda peke yangu mpaka kwenye mkaratusi, nammegea Sajenti nyama ya kusaga. Mwezi haujaisha, tayari alikuwa anakula karibu na buti langu. Hongo ni hongo, najua, hata mpokeaji akiwa na manyoya. Niliona aibu kidogo, kisha nikazoea.

Siku ya shindano sikubeba nyama. Mfuko wa koti niliufua mara mbili. Mimi si mjinga.

Jaji alikuwa Verity Pascoe wa wilaya ya jirani, mama mrefu asiyecheka hovyo. Alishika kofia yangu, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho. "Hmm," alisema.

Lindsay alitangulia. Yeye alikuwa amevaa kopo la aiskrimu, macho kayachora kwa kalamu, moja kubwa kuliko jingine.

"Lindsay, baba, hiyo ni kofia au chombo cha kulishia mbwa?" Dulcie, aliyekuwa akingoja zamu yake ya mwisho, alimuuliza.

"Subirini muone!" alijibu. Tukaona. Sajenti alimshukia mara tatu, kopo likaruka kichakani, na Lindsay akarudi mbio kashika sikio, damu inamchuruzika, huku sisi tumeshikana mabega kwa kucheka.

Ikaja zamu yangu. Nilitembea taratibu, shingo wima, macho yangu ya sufu yakitazama nyuma. Nikafika chini ya mti. Kimya. Hatua tano, kumi, bado kimya. Nikaanza kutabasamu, na hapo nikasikia watu wanacheka.

Niligeuka. Sajenti alikuwa ananifuata kwa miguu, tiki tiki tiki, kama kifaranga na mamaye. Niliposimama akasimama, akainua kichwa, akaniimbia wimbo mzima.

"Toka!" nilimnong'oneza. "Toka, we mshenzi!"

Akarukia begani kwangu, akachungulia mfuko wa koti.

"Eeh! Coral!" Dulcie alipiga kelele, kafurahi mpaka machozi. "Shoga, umemlisha! Jamani, huyu kamlisha ndege! Jaji, umeona? Umeona kwa macho yako?" Akaja mbio kunicheka kwa karibu.

Hilo ndilo kosa lake. Sajenti alimwona, akaniacha bila hata kuaga, akatua kwenye mkono wa Dulcie, akatumbukiza mdomo mfukoni mwake kwa ujuzi wa mwenye nyumba, akatoka na kipande cha jibini.

Sajenti alikimeza palepale, mbele yetu sote.

"Ya... ya chakula changu cha mchana hiyo," Dulcie alisema.

"Imekatwa vipande vidogo vidogo," alisema Verity Pascoe, akichungulia mfuko. "Una meno mabovu, mama?"

Alitufuta shindanoni sote wawili palepale. Buluu akampa Lindsay, maana yeye angalau alipigwa kwa haki, na akamfungia utepe kwenye koti huku sikio lake likiwa bado linavuja. Kopo la aiskrimu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini zaidi nilitamani immeze Lindsay.

Tulirudi nyuma ya wenzetu, mimi na Dulcie, tumenuna, kila mmoja na upande wake wa njia. Nikaivua kofia, nikitaka kuitupa kijitoni. Dulcie akanipokonya.

"Wee, usiwe mwehu." Akaipindua, akapitisha kidole kwenye kope, moja moja, polepole. "Hizi umezifanyaje bila fundo kuonekana?"

"Nitakwambia, halafu mwaka kesho uniibie?"

Alitembea hatua kadhaa, kaikumbatia kofia yangu.

"Mishono yako imenizidi, Coral. Na si leo tu. Lile blanketi lako la mwaka juzi, nilipoliona mezani nilikwenda chooni kulia. Majaji wanapenda rangi kali, basi mimi nawapa rangi kali."

Nilimwomba arudie kwa sauti kubwa, wenzetu kule mbele wasikie.

"Thubutu!" alisema Dulcie, akaivaa kofia yangu, akaongeza mwendo, na yale macho yangu ya kahawia yakanitazama njia nzima mpaka darajani.