Landrova Iliyopenda Kulia

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1964, Jael alifika Lugari akiwa na pesa za fahali zimefungwa kwenye leso, na leseni ya udereva ambayo haikuwa imemaliza hata miezi miwili. Alikuwa na miaka kumi na minane. Udereva alifundishwa na sista mmoja wa misheni, mzee aliyechoka kusukumana na tope kila mjamzito alipoitiwa gari. Wakati huo wazungu wa Lugari walikuwa wanafunga virago, wengine wakiuza mpaka vijiko, naye alikuwa amesikia kuna landrova fupi inayotafuta mwenyewe.

Fahali alikuwa wa baba yake, Bramwel. Alimwacha akiwa ndama alipokwenda kuandikwa kazi kwenye shamba hilohilo la Lugari, mwaka wa 1957. Ndama akakua, akawa bingwa wa kupigana kwenye uwanja wa Malinya, watu wakamwimbia. Bramwel mwenyewe hakurudi. Shambani walisema ametoroka na mwanamke, wameelekea Uganda. Basi Khalayi, mama yake Jael, alikaa miaka saba si mke, si mjane, na mashemeji hawakuchoka kumwuliza alimkosea nini mwanamume wa watu. Mwishowe akamuuza fahali ili binti yake apate gari la kubeba watu na mizigo kati ya Malinya na mjini Kakamega. Alisema amechoka kumkatia majani ng'ombe wa mtu asiyekuja.

Aliyekuwa anauza landrova ni Phineas, nyapara wa shamba. Bwana wake alikuwa ameshapanda meli, akamwachia funguo. Jael alikagua gari kama sista alivyomwonyesha: akapiga magurudumu teke, akajilaza chini ya injini, akanusa oili. Phineas akamwuliza ni binti wa nani. Jael akasema ni wa Bramwel wa Malinya. Phineas aliangalia viatu vyake, akapunguza bei bila kuombwa, tena akaipunguza sana.

"Gari iko sawa," akasema. "Shida yake ni moja tu. Inapenda kulia."

Jael alimshukuru kwa ukweli wake, maana mwuzaji mwingine angenyamaza. Njia nzima ya kurudi alikamata usukani kwa mikono miwili akingoja gari livute upande wa kulia, nalo lisivute. Hata hivyo akalipeleka kwa fundi karibu na soko, akamweleza ugonjwa wake. Fundi hakuwa mtu wa kukataa kazi. Akakaza hiki, akalegeza kile, na tangu siku hiyo landrova ikawa inavuta kushoto.

Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua ya Kakamega ilishuka kama ilivyo desturi yake, na gari likaanza kulia. Kilikuwa kilio cha mwanamume, cha chinichini, kutoka benchi la nyuma. Abiria wakasogea. Mama mmoja muuza mboga akamwambia dereva kwamba kuna mtu amepanda bila kulipa, tena amelowa udongo, tena analia. Jael akatazama kwenye kioo. Aliona koti la kaki na udongo mwekundu umejaa kwenye nywele. Mara ya mwisho kumwona baba yake alikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini aliyajua yale masikio, kwa sababu ni yake pia. Hakusimamisha gari, maana nyuma yake kulikuwa na lori linapiga honi. Mvua ilipokatika, Bramwel hakuwepo tena, na benchi lilihitaji kupanguswa.

Kesho yake Khalayi aliingoja mvua akiwa amesimama kando ya landrova na sahani ya obusuma, ugali wa kwao, mkononi. Bramwel akaja, akaketi mahali pake. Khalayi aliuona ule udongo, akaelewa ni udongo wa kaburi. Kwanza alifurahi. Si jambo la kusemwa mbele za watu, lakini alifurahi, kwa kuwa mume wake hakuwa amemwacha. Halafu furaha ikamwishia, akaketi kwenye majani mabichi, wakalia wote wawili. Alimwuliza mengi. Bramwel hakuwa na maneno, alikuwa na kilio tu, na obusuma hakuigusa.

Wakaenda Lugari, mama na binti. Phineas hakukana. Aliwatolea viti, akaeleza kama mtu anayeeleza jinsi ng'ombe alivyovunjika mguu. Ilikuwa mvua, saa tisa. Bwana alikuwa anarudisha gari hilihili nyuma penye ghala la mahindi, huku anapiga mluzi, na Bramwel alikuwa nyuma anafunga turubai. Walimzika kwenye kona ya shamba kabla mvua haijakatika. Bwana ndiye aliyesema iwe Uganda.

"Yule mwanamke nilimtunga mimi," Phineas akasema. "Nisamehe, mama Jael."

Khalayi alisema msamaha utakuja baadaye, kwanza amfukue mume wake. Hapo Phineas akashindwa. Shamba lilikuwa limekatwa vipande, na kile chenye kona ile alikuwa amegawiwa yeye. Barua ya kumpa kipande hicho ilikuwa haijaja. Mifupa ikionekana, wakubwa wataanza kuuliza maswali, kipande kitasimamishwa, na yeye ana watoto wanane na hana pengine pa kuwapeleka. Aliyasema haya kwa upole mwingi, na alipomaliza akawafungia mahindi mabichi ya kubeba. Askari waliyemwendea naye aliwasikiliza vizuri, akasema mwenye kosa yuko ng'ambo, ardhi ina mwenyewe, na gari haliwezi kuandikisha ushahidi.

Yakabaki mambo ya nyumbani. Kwa watu wa Malinya, mtu akipotea moja kwa moja, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukazikwa kwa jina lake, na mjane akanyolewa. Khalayi alikuwa ameuomba mgomba huo tangu mwaka wa 1959, wazee wa ukoo wakamkatalia: Bramwel yuko hai Uganda, na kumzika aliye hai ni kumwapiza. Sasa akaenda tena. Wazee walikaa alasiri nzima, wakaikagua na landrova.

"Mgomba ni wa mtu ambaye hatujui aliko," mkubwa wao akasema. "Huyu tunajua aliko. Mleteni."

Khalayi alirudi nyumbani na nywele zake.

Kazi ya gari ilikwenda vizuri. Abiria walizoea, na saa za mvua walimwachia Bramwel nafasi ya mtu mmoja. Mavuno yalipofika, Jael akaanza kubeba magunia kutoka Lugari, na asubuhi moja Phineas akaja kuomba kusafirisha yake. Jael alitaka kumwambia atafute punda. Mama yake akamzuia.

"Acha apande," Khalayi akasema. "Tuondoke saa nane. Wakutane uso kwa uso, tuone."

Kwa hiyo Phineas aliketi nyuma juu ya magunia, jogoo kwapani, na mkononi bahasha yenye barua ya shamba lake, iliyomfikia juzi, anayoipeleka mjini kupigwa muhuri. Khalayi alikaa mbele na Jael, amegeuza shingo. Saa tisa mvua ikaanza, na Bramwel akawa yuko kwenye benchi, analia. Khalayi alingoja. Phineas alimtazama Bramwel, akawa kama anataka kusema kitu kikubwa.

"Mulembe, Bramwel," akasema. "Songa kidogo."

Bramwel akasonga. Phineas akashuka kwenye magunia, akaketi karibu naye, kwa kuwa turubai lilikuwa linavuja upande ule. Jogoo naye alikuwa anahangaika, anataka mikono miwili. Basi Phineas akamwomba Bramwel amshikie bahasha, na kwa heshima akamwambia ni barua ya serikali, asiichafue. Bramwel alipangusa udongo viganjani kwa koti lake, mkono mmoja kisha mwingine, akaipokea, akaiweka magotini, na akaishika hivyo bila kuikunja mpaka Kakamega.